Herufi Mia Tatu na Kumi na Mbili

Siku ya nne ya mafunzo ndipo Burul alipokutana na namba ya marehemu kaka yake.

Siku tatu za mwanzo zilikuwa za kazi ya mikono. Walikuwa wanafunzi sita, wote wa maabara ya kifua kikuu pale mjini Bishkek, na mwalimu wao Damira, mama mfupi asiyecheka ovyo. Aliwafundisha kuvunja gamba la kijidudu na kutoa vinasaba vyake, kuvikata vipande vifupi, kuvitia alama ili vya mgonjwa huyu visichanganyike na vya yule, kisha kuvipandisha mashineni visomwe herufi kwa herufi. Kijidudu kimoja kina herufi milioni nne na ushee.

"Na kichupa cha maji matupu msikisahau," alisema Damira. "Kijidudu kikisomeka kwenye maji, jua umechafua kazi. Msije mkawasingizia watu ugonjwa kwa uchafu wa mikono yenu."

Vijidudu vya mazoezi vilikuwa vya zamani, vilivyotolewa kwenye friza, vina namba bila majina. Lakini namba mbili Burul alikuwa ameziandika mwenyewe miaka mitatu nyuma: 1147 ya kaka yake Taalai, na 1152 ya Syrga, mke wa Taalai.

Taalai alikufa mwaka ule ule, kabla theluji haijayeyuka. Arobaini haijafika, mama yao akamfukuza Syrga. "Umekuja na kifua chako kutoka kwenu Naryn ukanilia mwanangu!" Mtoto wao Meerim, wakati huo wa miaka miwili, akabaki kwa bibi yake. Siku ile ukoo mzima ulimgeukia Burul, maana yeye ndiye aliyeujua ugonjwa. Akasema, "Syrga ndiye aliyeanza kukohoa." Maneno manne tu, na yalikuwa kweli. Yalitosha.

Sasa kompyuta ilikuwa imechora mti wa undugu wa vijidudu. 1147 ilikaa tawi moja na 0863, namba ya mtu asiyemjua, wa majira ya baridi ya mwaka mmoja kabla ya kaka yake. Kati yao herufi mbili tu zilitofautiana. 1152 ilikuwa peke yake upande wa pili kabisa. Burul akahesabu upya, akarudia tena. Herufi mia tatu na kumi na mbili.

"Mwalimu," akaita, "hawa wawili waliishi nyumba moja. Walikula sahani moja."

Damira akainama akatazama. "Kuishi pamoja si kuambukizana. Herufi zinazotofautiana zikiwa chini ya tano, tunasema mnyororo mmoja wa maambukizi. Mia tatu? Hapana. Kila mmoja alipata wake kwingine."

"Kwa hiyo huyu hakumwambukiza yule?"

"Huu mti hauwezi kukuambia kwa hakika nani kampa nani. Nani hakumpa nani, hilo unaliweza." Akamtazama usoni. "Mbona umepauka? Unawajua?"

"Siwajui," alijibu Burul.

Jumamosi alikwenda kijijini. Mama yake alikuwa jikoni anakaanga boorsok, yale maandazi madogo, Meerim kando yake anafinyanga kidoli cha unga.

"Mama, Syrga hakumwambukiza Taalai."

"Nani kasema?"

"Vijidudu vyenyewe. Vyake na vya kaka si ndugu hata kidogo."

Mama akageuza boorsok moja baada ya nyingine. "Meerim, nenda kawape kuku maji."

Mtoto alipotoka, Burul akauliza, "Mwaka ule kabla kaka hajaugua, nani alikohoa humu ndani? Mimi nilikuwa nakaa mjini."

Mama akapunguza moto. Kisha akasema, "Asanbek."

Mjomba Asanbek, mdogo wake mama. Alitoka gerezani vuli ile, Taalai akawa analala chumbani kwake kumuuguza hadi mjomba alipokufa. Burul aliambiwa ni ugonjwa wa ini.

"Ulijua!"

"Nilijua anatema damu. Ningetangaza ili iweje? Wewe ulikuwa unachumbiwa. Nani angeleta posa nyumba yenye kifua kikuu na mfungwa?"

"Mimi nafanya kazi na ugonjwa huo kila siku, mama! Ungeniambia mimi tu!"

"Na wewe ungemwandika kwenye madaftari yenu."

"Aliandikwa! Ile namba 0863 lazima ni yeye. Alipimwa, mkamficha! Kaka angepewa dawa mapema."

Mama akaepua karai, akakaa kwenye kigoda akijifuta mikono, hata baada ya mikono kukauka. Hakulia. "Basi nimemuua mimi," akasema. "Umefurahi?"

Burul hakufurahi. Alitoka uani akampigia Syrga, mara ya kwanza kwa miaka mitatu, akamweleza yote isipokuwa jina la mjomba.

"Wifi, umenisikia?"

"Nimekusikia. Nililia mbele yenu, nikaapa, nikashika Kurani. Hamkuniamini. Mpaka mashine iseme?"

"Nisamehe."

"Kukohoa kweli nilianza mimi. Ulichosema hakikuwa uongo, ndiyo maana siwezi hata kukutukana vizuri." Akavuta pumzi. "Niletee mwanangu."

Kesho yake Burul alimfunga Meerim skafu, wakapanda gari la Naryn. Mama alijifungia chumbani, hakuzuia, hakuaga. Njia nzima mtoto aliuliza watarudi lini kuwalisha kuku.

Syrga alikuwa amesimama langoni, amekonda, amevaa vizuri. Alichuchumaa akafungua mikono. Meerim akajificha nyuma ya koti la Burul.

"Shangazi, huyu mama ni nani?"

Syrga alisikia. Aliinuka polepole, akampokea Burul begi, akambeba mtoto aliyekuwa ameanza kupiga mateke.

"Niingie nikusaidie kumtuliza?" Burul aliuliza. "Mimi amenizoea."

"Wewe usiingie," alisema Syrga, akafunga lango.

Burul alibaki barabarani akisikiliza kilio. Mtoto alikuwa akimwita bibi yake.