Jiko la Shemeji Barazani

Shemeji yangu Delbert, mdogo wa marehemu mume wangu, anakaa chumba changu cha nyuma tangu mapafu yake yaharibikie mgodini. Ana jiko lake la gesi barazani, sufuria yake nyeusi na kopo lake la pilipili. Hupika kindi. Mimi kindi sili, na harufu yake ndani siitaki. Naye husema maharage yangu ni chakula cha wodini.

Basi mama wa ofisi ya misaada aliponipigia simu akauliza, "Na shemeji yako mnakula pamoja?" nikajibu, "Ndiyo, bila shaka." Ningesemaje? Katika bonde letu, watu wakisikia ndugu wa mumeo anajipikia barazani, watasema umemnyima. Mwezi uliofuata kadi yangu ya chakula, ile serikali huijaza pesa kila mwezi, haikuingizwa kitu. Walijumlisha fidia yake ya mapafu na malipo yangu ya uzee, wakasema tunajitosheleza. Mimi na mjukuu wangu Tessa tukabaki na maharage na mkate wa mahindi, maziwa hakuna.

Nikaenda kwa Ramona, mshauri wa misaada, anayekaa kila Jumatano kwenye chumba cha chini cha kanisa letu. Nikamweleza.

"Bibi Orpha," akasema, "jana jioni ulipika nini?"

"Maharage."

"Delbert akala?"

Nikakunja kitambaa changu.

"Bibi, alikula nini?"

"Kindi. Wa kukaanga."

"Mafuta na unga nani alinunua?"

"Mwenyewe. Hata chumvi yangu haigusi."

Ramona akacheka. "Basi hizo ni nyumba mbili chini ya paa moja. Wanachoangalia ni nani ananunua na kupika na nani. Tunakata rufaa."

"Yaani nikatangaze kwamba simlishi shemeji yangu?"

"Useme ukweli tu. Jumapili je?"

"Jumapili anakula kwangu. Nachoma kuku."

"Na hilo ulitaje. Ukificha moja, hawataamini mengine."

Rufaa ikasikilizwa kwa simu, pale pale mezani kwa Ramona. Delbert alikuja na shati safi, kanyoa. Afisa akauliza lile nililoliogopa: "Mbona kwanza ulisema mnakula pamoja?"

Nikamtazama Ramona. Akatikisa kichwa, hilo lilikuwa langu kulijibu.

"Niliona aibu," nikasema. "Kwetu mgeni halali njaa. Lakini huyu anapika chake, mimi changu, isipokuwa kuku wa Jumapili. Nimemaliza."

"Bwana," Delbert akadakia, "maharage yake siyali hata unilipe!"

"Subiri zamu yako, mzee," afisa akasema, na sauti yake ilikuwa na kicheko.

Zamu yake ilipofika alieleza kila kitu, mpaka anavyomchuna kindi. Afisa akamwomba aishie hapo.

Uamuzi ulikuja kwa posta: nyumba mbili. Kadi ikarudi, na siku hiyo hiyo nikanunua maziwa, mayai na siagi.

Delbert, mdomo wake haufungwi, akamsimulia kila mtu. Jumapili jirani yangu Wilma akanidaka mlangoni mwa kanisa. "Eti Orpha, humlishi shemeji yako?"

"Simlishi," nikasema, na nilisema kwa sauti. "Na wewe uliyekatiwa kadi, na wifi yako unayekaa naye mnapika sufuria moja?"

Akatazama huku na huku. "Yule? Kwa uchafu ule?"

"Basi njoo Jumatano. Ramona anaanza saa tatu. Nitakaa kando yako."