Kitambaa Juu ya Jabali

Kijiji chetu kizima cha Kanyangi kiliamini kwamba mimi ni tajiri. Nikifika nyumbani, watu ambao hawakuwahi kunipa hata maji ya kunywa walinikumbuka ghafla, kila mmoja na kadi yake ya harambee mfukoni. Rubani, bwana. Walidhani rubani analipwa kwa kukaa angani, na hapo hawakukosea, maana tulilipwa kwa saa za angani peke yake. Ndege ikilala gereji wiki mbili, nawe unalala njaa wiki mbili. Hakukuwa na barua ya ajira, wala bima, wala likizo. Shati langu jeupe lenye mistari mabegani nililinunua mwenyewe, na nililifua kila jioni katika chumba kimoja nilichopanga Nairobi, kwa sababu lilikuwa moja tu.

Sikubeba watalii wala mawaziri. Nilibeba magazeti, nyama na nyanya kutoka uwanja wa Wilson hadi Lamu, nikarudi na samaki waliofunikwa barafu. Nilinuka samaki hata kanisani. Huo ulikuwa mwaka wa 1987, na nilikuwa nimeifanya kazi hiyo miaka sita.

Kuiacha sikuweza, kwa sababu ya baba yangu. Mzee Nzuki aliuza ng'ombe kumi na mmoja na shamba la kando ya mto ili nisomee urubani. Ndugu zake walisema amerogwa. Alikufa kabla hajaniona nikirusha chochote, akamwachia mama yangu, Syokau, nyumba ya mabati, ekari moja ya mawe na vicheko vya majirani.

Bahati nzuri, njia ya kwenda Lamu inapita juu ya Kanyangi. Mwaka wangu wa kwanza nilimwambia mama atandike kitu cheupe juu ya jabali lililo nyuma ya nyumba, pale anapoanika mtama, nami nitamsalimia nikipita. Alichukua kitambaa chake cha meza, kile cha wageni, alichokitarizi maua mekundu kwa mkono wake. Saa moja na nusu asubuhi nilikiona, nikainamisha bawa la kushoto, kisha la kulia. Tangu siku hiyo vicheko vilikoma. Mwalimu mkuu akawa anagonga kengele ya shule kwa kufuata ndege yangu. Kanisani mama akahamishiwa benchi la mbele. Na siku nisipopita, alikaa na kitambaa mapajani mpaka saa nne, asile kitu.

Sasa nieleze nilivyofukuzwa. Mwezi wa pili mwaka huo injini ya kulia ilianza kunisumbua. Ukiwa juu na mwendo wako, ilinguruma vizuri. Ukipunguza mwendo ukiwa na mzigo mzito, ilikohoa na kupoteza nguvu. Niliandika habari hiyo katika kitabu cha ndege mara tatu. Fundi alinijibu kwamba vipuri vimeagizwa, lakini hakunitazama usoni. Asubuhi moja wakapakia kilo mia mbili zaidi ya kipimo, nami nikakataa kupanda. Mwenye kampuni alitoka ofisini na kikombe chake cha chai. Wala hakupandisha sauti.

"Muthama," alisema, "nje ya hiyo geti kuna vijana saba wako na leseni. Mimi silazimishi mtu."

Baada ya saa mbili ndege iliondoka. Aliyekuwa kwenye usukani alikuwa Dirie.

Dirie alikuwa kijana wa Garissa, mtoto wa mfanyabiashara wa mifugo aitwaye Keinan. Nilimngoja mpaka aliporudi alasiri, nimejaa matusi tayari mdomoni. Yakanishinda kutoka. Alikuwa amekaa miezi minane bila kazi, mkewe alikuwa mjamzito, na alikuwa amekubali nusu ya malipo yangu. Nilimweleza juu ya injini. Akasema anajua, fundi amemnong'oneza.

"Kapteni, ningekuwa na kazi ingine ningeshuka leo," aliniambia.

Hapo ndipo nilipopaswa kumpa mkono na kwenda zangu. Badala yake nikaanza kumweleza juu ya mama. Nilimwambia bado hajui kwamba nimefukuzwa, na kwamba akijua, watu wataanza tena kumcheka baba yangu aliye kaburini. Nilimwomba amsalimie kwa niaba yangu, wiki mbili tu, mpaka nipate kazi kwingine. Dirie alicheka, akasema hiyo ni kazi nyepesi kuliko zote alizopewa siku hiyo. Aliuliza alama za njia, akaziandika kiganjani kwa kalamu.

Nami nikaongeza, "Ushuke kidogo. Macho yake siku hizi hayaoni mbali."

Nilimwambia hivyo mimi mwenyewe, niliyeijua injini ile kuliko mtu yeyote.

Wiki mbili zikawa saba. Nilizunguka Wilson ofisi kwa ofisi, shati limepigwa pasi, vyeti ndani ya bahasha. Kila mahali waliniuliza niliacha kazi kwa nini, na nikijibu kwamba nilikataa kurusha ndege mbovu, kalamu iliwekwa chini. Rubani anayekataa mzigo ni mzigo mwenyewe, mmoja aliniambia waziwazi. Niliuza redio, nikauza saa ya mkononi.

Jumapili moja nilikwenda nyumbani na kilo mbili za sukari za kukopa. Mama alinipokea akiwa na furaha kama msichana.

"Siku hizi unakuja chini sana," aliniambia. "Juzi nimeona mpaka mkono wako. Umenipungia."

Nilijua mkono huo haukuwa wangu, na nilijua kwamba ukiweza kuona mkono wa rubani, ndege hiyo iko chini mno. Ningeweza kumwambia Dirie aache. Ningeweza kumwambia mama ukweli pale pale, sukari ikiwa bado mezani. Lakini alasiri ile mchungaji alikuwa anakuja kutuombea, na mama alikuwa amechinja kuku. Nikala kuku.

Alhamisi iliyofuata nilikuwa Wilson nikisubiri mtu wa kampuni nyingine, niliposikia mafundi wakisema ndege ya Lamu haijafika. Saa nne habari ikaja kwamba imeanguka Ukambani, upande wa kwetu. Sikuuliza mahali. Nilipanda basi la Kitui, kisha nikapata lori la kuchukua mchanga, na sehemu ya mwisho nikaitembea kwa miguu.

Nilipokaribia nyumbani nikasikia kilio. Uani watu walikuwa wamejaa, na mwalimu mkuu alikuwa tayari na daftari, akiandika michango ya mazishi yangu. Mwanamke wa kwanza aliyeniona aliangusha ndoo akakimbia. Wengine walirudi nyuma, wakaniachia njia kama wanavyomwachia mtu mwenye ugonjwa. Mama alikuwa ameketi kando ya jabali, mikono yake imeungua mpaka kwenye viwiko, mtu amempaka asali. Majirani walinieleza baadaye kwamba ndege iliinama kushoto, ikainama kulia, kisha haikunyanyuka tena. Ilianguka katika shamba la mtama, mita mia mbili kutoka pale alipokuwa amesimama. Alifika kabla ya mtu yeyote. Alimvuta rubani kutoka kwenye moto akiliita jina langu, akamfunika na kile kitambaa, akakaa naye mpaka polisi walipokuja kumpeleka Kitui.

Mama aliniita karibu, akanigusa uso kwa mgongo wa mkono, pale ambapo ngozi ilikuwa imebaki. Nilidhani atalia kwa furaha.

"Huyo mtoto alijuaje kunisalimia?" aliuliza.

Nikapiga magoti nikamwambia yote. Nilimwambia juu ya kufukuzwa, injini, ombi langu na maneno yangu ya mwisho kwa Dirie. Watu walisikia, na sikujali. Mama hakunipiga wala kunitukana. Alisema tu kwamba yeye si wa kuambiwa hayo, kwamba nitakaa pale mpaka mwenye mtoto aje, nimwambie yeye.

Nikakaa. Siku ya tano barua ilinifikia kwa mkono wa dereva wa kampuni. Mwenye kampuni alinipa pole kwa yote. Alisema wachunguzi wa serikali wameona wazi kwamba rubani alishuka chini bila sababu, kitabu cha ndege kimeungua, na hakuna haja ya watu kuongeza maneno. Alisema amekodi ndege nyingine, na kiti kiko wazi Jumatatu. Malipo ni yale aliyokuwa akilipwa marehemu. Niliikunja barua nikaitia ndani ya soksi, nisije nikaulizwa ni ya nini.

Siku ya sita Keinan alikuja. Walikuwa wamekwisha kumzika Dirie huko Garissa. Alikuwa mzee mwembamba mwenye ndevu zilizopakwa hina, na mkononi alishika kitambaa cha mama, kimefuliwa na kukunjwa, ingawa madoa mengine yalikuwa yamekataa kutoka. Alimshukuru mama kwa kumfunika mtoto wake. Mama alinitazama, nami nikasema. Nilisema ni mimi niliyemwomba Dirie asalimie, na ni mimi niliyemwambia ashuke.

Keinan alikizungusha kikombe cha chai mkononi.

"Alituambia," alisema. "Qamar mke wake alimkataza. Dirie alisema, nimechukua kazi ya mtu, salamu ya mama yake siwezi kumnyima."

Nililia mbele yao, bila haya. Yule mzee aliningoja nimalize, kisha akauliza swali lake kwa upole.

"Na ndege, ilikuwa nzima?"

Barua ilikuwa ndani ya soksi yangu, nikiihisi kifundoni. Nilisema mimi niliiacha zamani, wiki saba ni nyingi, sijui hali yake ilikuwa vipi.

"Injini ilikuwa mgonjwa," mama alisema kwa Kiswahili chake cha shida. "Upande ya kulia. Huyu alijua. Alifukuzwa sababu ya hiyo."

Keinan akanigeukia. Akaniuliza kama naweza kuyasema hayo mbele ya wachunguzi, ili jina la mtoto wake lisiandikwe kwamba alijiua kwa mchezo. Alisema hataki pesa. Nilitazama chini. Nilimwambia nitafikiria. Alisubiri mpaka chai ikapoa, kisha akamwekea mama kitambaa magotini, akaaga, akaenda.

Jumapili mama alikwenda kanisani, akaketi benchi la nyuma kabisa, karibu na mlango. Alipotoka nilikuwa nimeshaondoka.

Jumatatu nilirusha ndege kwa nusu ya malipo. Wachunguzi waliniita wiki hiyo, nikawaambia sikuona kasoro, nao wakaandika. Nilifanya kazi hiyo miaka minne mingine, mpaka kampuni ilipofungwa bila kutulipa mwezi wa mwisho.

Asubuhi ile ya kwanza nilipita Kanyangi saa moja na nusu. Niliona bati la nyumba, shamba lililoungua, na jabali. Mama alikuwa amesimama pale juu, mikono yake imefungwa bandeji, bila kitambaa. Nilianza kuinamisha bawa. Alinipa mgongo, akashuka taratibu, akaingia ndani ya nyumba.