Tulitafuta Nguruwe Tu

Bi Kuluthumu alikula pipi tatu zenye bangi ndani yake, akaanguka jikoni kwake Sanyuanli. Ilikuwa Ramadhani, baada ya Isha. Pipi alizileta Murshid. Mimi ndiye niliyezikagua nikasema hazina neno.

Bi Kuluthumu ni mjane wa Tanga. Alikuja Guangzhou, China, kununua madera, akaona faida iko kwenye chakula. Akapanga fleti ghorofa ya sita, jengo lisilo na lifti, akawa anawapikia wafanyabiashara wa kwetu. Ramadhani alikuwa anafuturisha nyumba nzima. Mimi naitwa Vuai, ni wakala wa mizigo, ofisi yangu iko Xiaobei. Kila magharibi nilikuwa napanda ngazi zile nikihema, kwa sababu ya tambi zake na kwa sababu nyumbani kwangu hakuna mtu.

Nyumba ile ilikuwa na sheria moja: chochote cha kuliwa kikiingia mlangoni kinakwenda kwenye sinia. Hakuna kula chako peke yako. Na kabla hakijafika kwenye sinia, kinakaguliwa. Huku tunakagua kila kitu. Wengi wetu hatusomi Kichina, lakini alama ya nguruwe tunaijua. Mgeni akifika anafundishwa hiyo kabla hajaonyeshwa stesheni ya treni. Tunaitafuta kwenye biskuti, kwenye mafuta, kwenye jeli, kwenye supu ya pakiti. Kitu kisipokuwa na nguruwe wala pombe, kwetu kimepita.

Jioni ile Murshid alikuwa amefika kutoka safari. Ni mtu wa Kariakoo, ananunua mikoba Shiling, mji wa viwanda vya mikoba nje ya Guangzhou, na tumefanya kazi pamoja tangu sote wawili tukiwa na nywele. Alikuwa amepitia Bangkok akalala huko kungoja ndege. Baada ya futari akatoa kikopo cha bati mfukoni, akachukua pipi laini yenye rangi ya embe, akaikata kwa meno na kuirudisha nusu.

Bi Kuluthumu alimwona.

"Wewe laoban wa mikoba," alisema, kwa neno tunalowaitia mabosi huku, "tangu lini unakula kwa kujificha nyumbani kwangu?"

"Sijifichi, Bi. Ni za usingizi. Nimezinunua Bangkok. Alfajiri nina basi la Shiling."

"Usingizi? Mie tangu mwezi uandame nalala kama paka, jicho moja. Lete."

"Lakini ule nusu tu."

"Nusu pipi! Hivi watu wa Kariakoo mmefika pa kugawana pipi kwa meno?"

Tulicheka sote. Murshid naye akacheka, maana angefanya nini, na kikopo kikapitishwa kwangu. Nikakigeuza. Kulikuwa na maandishi ya Kithai, na Kiingereza kidogo. Nililipata nililokuwa nalitafuta: imegandishwa kwa matunda, si kwa mnyama. Pembeni palikuwa na picha ya jani la kijani lenye vidole. Hilo pia nililiona.

"Na jani hili?"

"Si bangi hiyo," Murshid alisema. "Nilimuuliza mwenye duka. Ni ile jamii ya kusokotea kamba. Wanauza wazi kabisa, mlango wa pili wanauza juisi. Ni binamu yake bangi, lakini huyu binamu ametulia."

"Nguruwe hamna," nikasema, nikampa Bi Kuluthumu.

Kiasi gani kilikuwa ndani ya kila pipi, kikopo hakikusema. Sikuuliza, kwa kuwa sikukitafuta.

Akala moja. Akakaa na sisi, akamwaga chai, akatusimanga kwa kuacha tambi.

"Murshid, hii pipi yako imelala yenyewe," alisema baadaye. "Sisikii kitu."

Akaenda jikoni na kikopo mkononi. Sisi tukatandika mikeka sebuleni tuswali. Kule jikoni alikuwa anasugua masufuria, na pipi zilikuwa tamu, akala ya pili na ya tatu. Daktari alitueleza baadaye kwamba vitu hivi vikipita tumboni huchelewa. Mtu anadhani havijafanya kazi, anaongeza, kisha vyote vinamwamkia pamoja. Akasema pia kwamba kwenye vikopo kama kile hakuna anayepima. Pipi moja inaweza kuwa sukari tupu, na jirani yake ina sehemu ya watu wengi. Murshid alikuwa amekula nusu nusu akalala vizuri. Bi Kuluthumu alikuwa amefunga tangu alfajiri na futari yake ilikuwa tende na chai, maana mpishi ndiye anayekula mwisho.

Tulisikia sufuria ikianguka, kisha tukasikia Nahla akipiga kelele.

Nahla ni binti wa mdogo wake Bi Kuluthumu, anasoma chuo hapa kwa ufadhili na Kichina anakizungumza kama maji. Tulimkuta amemwinamia sakafuni. Bi Kuluthumu alikuwa macho, lakini hakuwa anatutazama sisi. Mguu mmoja ulikuwa umekaa vibaya. Alikuwa ametapika. Murshid aliokota kikopo kando ya sinki akakitia mfukoni. Nilimshika mkono, mapigo yakawa yanakimbia hata nisiweze kuyafuata.

"Vuai," alisema kwa ulimi mzito, "mbona sakafu inapanda?"

Tulimfunga kwa kanga kwenye kiti cha plastiki, tukamshusha ngazi zote, Murshid mbele na mimi nyuma. Njiani aliuliza mara nyingi kama tende zimefunikwa.

Hospitalini daktari alikuwa kijana, mwenye haraka lakini si mkorofi. Nahla akawa anatutafsiria. Ulimi mzito, akili imechanganyika, ameanguka, na umri umekwenda: daktari alidhani ni kiharusi. Alitaka wampige picha ya kichwa, kisha wamtie dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, na alitaka iwe haraka. Akauliza kama amekula au kunywa dawa yoyote.

Nahla akanitazama. "Mjomba Vuai, amekula nini mama mkubwa?"

Niligeuka kumtafuta Murshid. Hakuwepo. Nilimkuta kwenye mlango wa choo, mkono mfukoni.

"Nipe kikopo," nikamwambia.

"Kaka, hebu fikiri kwanza. Hii ni China. Wakijua, mimi nimekwisha. Nina watoto wanne, nina mzigo Shiling haujafungwa."

"Ulisema si bangi."

"Ndivyo nilivyoambiwa! Unadhani ningeipitisha uwanja wa ndege nikiwa najua? Mimi mwoga, unanijua. Lakini hawa hawatauliza binamu wala shangazi."

"Wanataka kumtia dawa ya kiharusi."

"Labda ni kiharusi kweli."

"Labda. Na kama siyo?"

Nyuma yangu Nahla alikuwa amefika, na alikuwa ameelewa. Alisema daktari amemwambia dawa ile ina hatari ya kuvujisha damu kichwani, na haitolewi ovyo kwa mtu asiye na kiharusi.

Nilimshika Murshid mkono, nikautoa mfukoni, nikafungua vidole vyake. Hakushindana nami sana. Ndani ya kikopo ilikuwa imebaki ile nusu yake, imeganda chini.

"Mjomba," Nahla alisema, "nikilisema neno hili kwa Kichina, halirudi tena."

"Liseme."

Akalisema. Daktari alichukua kikopo, akalitazama lile jani, akanusa. Akamzuia muuguzi kwa mkono. Akauliza maswali mengine, saa ngapi, ngapi, tumbo tupu au la, na Nahla akamjibu yote. Kisha akapiga simu. Tulijua anapiga wapi.

Murshid angeweza kuondoka. Lifti ilikuwa pale pale. Alikaa kwenye benchi akavua saa yake.

"Mpe mke wangu," alisema. "Na ukae hapa, basi. Usiniache peke yangu na Kichina."

Nikakaa. Polisi walipokuja hawakupiga kelele. Waliuliza jina, wakapiga picha ya pasipoti yake, wakampa maji. Kisha wakaondoka naye.

Hakikuwa kiharusi. Picha ya kichwa ilitoka safi. Walimwekea maji ya mshipa, wakamfunga mashine ya moyo, wakangoja. Siku mbili Bi Kuluthumu hakujua yuko wapi. Ya tatu aliniuliza nani alifuturisha watu.

Gharama ya pipi zile ni hii. Bi Kuluthumu yuko hai. Nyonga yake ilivunjika pale jikoni, sasa yuko Tanga kwa mdogo wake na anatembea kwa fimbo. Polisi waliamini kwamba hakujua alichokula, lakini viza haikuongezwa, na fleti amepangishwa mtu anayetengeneza simu. Sisi wengine tunafuturu kila mtu chumbani kwake. Nahla aliitwa chuoni kueleza mara nyingi. Hawakumfukuza, ila ufadhili wa mwaka wa mwisho ulikatwa, na ameusimamisha mwaka huo. Murshid aliwekwa ndani, akarudishwa Dar, na haruhusiwi kuingia China tena. Mikoba yake kiwanda kilimuuzia mnunuzi mwingine. Saa niliituma kwa mkono wa msafiri, ikafika. Mkewe alipokea saa. Simu zangu Murshid hazipokei.

Nyonga, jiko, mwaka wa shule wa mtoto wa mtu, kazi yote ya Murshid, na rafiki niliyekuwa naye.