Bastola ya Mtu Mwingine

Siku walipomwita Himid nyumbani kwa Mzee Suleyum, pale Kingsbury, alivaa suti. Alijua anachoitiwa. Wazanzibari wote wa London, waliotawanyika toka Harrow mpaka Edgware Road na wasioonana ila kwenye maziko na maulidi, walikwishapata habari kuwa Mzee anafuatwa. Kulikuwa na mtu wa koti la mvua aliyeshuka kila stesheni aliyoshuka yeye. Halafu Jumatatu ile wakakuta dirisha la jikoni limevunjwa na hakikuibwa hata kijiko.

Mzee alikuwa hakimu nyumbani kabla ya Mapinduzi. Huku uhamishoni alikuwa akisema kwenye mikutano mambo ambayo wakubwa wa kule hawakutaka yasemwe. Polisi wa Kiingereza walikuja, wakanywa chai, wakaandika, wakaenda zao. Ndiyo kazi yao hiyo. Hata kwetu walikuja, wakanywa chai, wakaandika, wakakunja bendera yao wakaenda zao, na sisi tukabaki na moto uliowaka nyuma yao.

Basi ikaamuliwa awepo mtu wa kubeba silaha karibu na Mzee. Na London nzima ni nani mwingine aliyewahi kushika silaha kwa kiapo, kama si Himid? Sasa alikuwa kondakta wa basi, anakata tikiti na kuitwa majina na walevi, lakini Unguja alikuwa koplo wa polisi, mshika funguo za ghala la silaha.

"Himid mwanangu," alisema Mzee, amekaa kwenye kochi na shali mabegani, "tunataka bastola. Iwe bapa, ikae chini ya nguo siku nzima na mtu asijue. Lakini tundu la mtutu liwe kubwa. Mtu akipigwa mara moja aanguke, asipate nafasi ya kuuliza kulikoni."

"Nimekufahamu, Mzee."

"Utuchagulie wewe. Sie wengine hatujui kitu."

"Nitachagua. Nitaanza kuibeba lini?"

 Kwenye kiti cha dirishani alikaa Khelef, yule kijana mtanashati aliyekuja kusoma sheria na asimalize, na koti lake la rangi ya ngamia lisilowahi kukunjika. Khelef akainama akaanza kuzitazama soksi zake.

"Ataibeba mwingine," alisema Mzee polepole. "Wewe uko juu ya basi kutwa. Tuchagulie tu, baba. Khelef atakuja kuichukua."

Himid akasema inshallah. Akanywa kahawa yake mpaka tone la mwisho, akatoka.

Njiani alirudi Januari ile ya Mapinduzi, kama alivyokuwa akirudi kila mara. Ghalani ilibaki bastola moja ya mkononi. Inspekta akamtazama Himid, akamtazama koplo mwenziwe, akampa mwenziwe. Himid akapewa rungu na kuambiwa azuie mlango. Mwenziwe aliruka ukuta wa nyuma na bastola yake kiunoni, na Himid akauzuia ule mlango kwa rungu, mpaka wakamvunja mkono. Jina la yule koplo hakulisahau, na uso wa inspekta alipokuwa akichagua hakuusahau pia.

Na sasa tena.

Ingekuwa ni hilo la bastola tu, pengine angelimeza. Lakini Khelef alikuwa na desturi ya kuja kwao. Himid na mkewe, Mwatima, walikodi vyumba viwili Harrow, juu ya duka la viatu. Mwatima alishona nguo nyumbani kwa ajili ya duka la Vasanti, barabara ya Kingsbury, na Khelef alikuwa haishiwi suruali ya kupunguzwa wala koti la kubadilishwa bitana. Himid akirudi zamu ya mchana hukuta vikombe viwili kwenye sinki. Hukuta harufu ya manukato ambayo yeye hanunui. Mwatima mwenyewe alikuwa amepata uchangamfu mpya. Anaimba jikoni, anajitazama kwenye kioo kirefu kwa mbele, kwa ubavuni, kwa nyuma.

Wiki ileile aliyoitwa kwa Mzee, basi lake liliharibika na akarudi mapema. Alipanda ngazi kimya. Alipofungua mlango alimwona mkewe amesimama katikati ya chumba, amevaa buibui kamili ndani ya nyumba, na Khelef kakaa juu ya mkono wa kochi.

"Tembea tena," Khelef alikuwa akisema. "Usiuangalie mkono wako. Nitazame mimi."

Wakamwona. Mwatima akauingiza mkono haraka ndani ya buibui, akautoa, na kumbe ameshika brashi ya nguo.

"Kuna nini hapa?" aliuliza Himid.

"Mchezo wa Idi, wa wanawake," alisema Mwatima. "Khelef ananifundisha."

"Mchezo wa brashi?"

"Mimi ni mke wa tajiri," alisema, akacheka, na Khelef naye akacheka. Kule kucheka pamoja ndiko kulikomchoma. Mtu anaweza kudanganya peke yake. Lakini watu wawili wakicheka kwa pumzi moja, hapo pana kitu walichokwishakula pamoja wewe hupo.

"Kaka Himid, umeshatuchagulia?" Khelef aliuliza akivaa koti lake.

"Nitakuchagulia," alisema Himid. "We ngoja. Nitakuchagulia nzuri."

Jumamosi alikwenda kwa Harjit. Huyu alikuwa Kalasinga wa Nairobi, zamani fundi wa reli, aliyepigana Burma vita vikuu na kurudi na vitu ambavyo hakumwonyesha ofisa yeyote. Alikuwa na kibanda cha vyombo nyuma ya nyumba yake, palepale Harrow, na alikuwa na hasira zake mwenyewe juu ya serikali zote mbili, ya kule na ya huku. Alifunua taulo juu ya meza.

Ya kwanza ilikuwa bastola ya gurudumu la risasi, nene tumboni. Himid aliichomeka kiunoni, akafunga koti, wakatazamana wakacheka.

"Mimba ya miezi minane," alisema Harjit.

"Ataulizwa amembebea nani."

Zikabaki mbili, zote bapa, zote za Kimarekani, na tundu la mtutu linaloingia ncha ya kidole kidogo. Moja ilikuwa nyeusi, imechubuka, mbaya kwa sura. Himid aliichomeka ubavuni, akakaa, akasimama, akainama kufunga kamba za viatu, akanyoosha mkono juu kama anayeshika bomba la basi. Haikujitokeza. Aliivuta nyundo, akatia kifungio cha kuizuia isifyatuke, akaigonga kwa kiganja. Ikashika. Hii ndiyo, alisema moyoni. Mtu angeibeba mwaka mzima na mkewe asijue.

Hilo neno la "mkewe" likamkaa vibaya.

Akaichukua ya pili. Hii ilikuwa inang'aa kama kijiko cha arusi, na kitako chake kilikuwa kimewekwa mbao nyembamba mno, ikawa bapa kuliko mwenzake. Ilikuwa nzuri kama Khelef.

"Hiyo nimekuonyesha uzuri tu," alisema Harjit. "Ilikuwa ya ndugu yangu. Usiibebe na risasi ndani, bwana. Kifungio kimechoka na nyundo haishiki sawasawa. Ukiigonga kidogo tu, inakwenda."

"Mimi nilikuwa kwenye ghala la silaha," alisema Himid. "Nitaitengeneza."

"Kweli?"

"Kweli."

"Basi wewe ndiye fundi. Chukua."

Hakutaka Khelef afe, wallahi hakutaka. Alijiambia hivyo njia nzima, kifurushi mapajani. Alitaka impige paja tu. Alitaka Khelef aketi barazani kwa watu, amekunja nne, anasema maneno yake ya sheria, na mara kishindo, na damu kwenye koti la ngamia, na watu wamcheke mpaka ahame London kwa aibu akichechemea. Hapo wangeulizana: kwa nini hatukumpa Himid? Hata Mwatima angeuliza.

Hakuitengeneza. Khelef alipokuja kuichukua, Himid alimkabidhi ngazini, hakumkaribisha ndani.

"Iko tayari?"

"Iko tayari. Nimeichagua mimi."

"Ibebwe na risasi ndani, au ziwekwe mbali?"

Khelef alimtazama kwa macho ya mtu anayetaka kujifunza. Himid angeweza kusema. Palikuwa na nafasi ya kusema.

"Ndani," alisema. "Na nyundo nyuma. Adui hatakusubiri uvute."

Zikapita siku za kungojea kishindo. Kila akimwona Khelef anatembea sawa, alihisi kama anaibiwa. Vikombe viwili viliendelea kukaa kwenye sinki.

Maulidi yakasomwa Jumapili adhuhuri, nyumbani kwa Mzee. Viatu vilijaa ukumbini mpaka mlango haukufunguka vizuri. Wanaume walikaa chini chumba cha mbele, wanawake chumba cha nyuma, katikati mlango mpana umeachwa wazi nusu na pazia limefungwa pembeni ili sauti ipite. Mzee alikaa pale mlangoni, mgongo wake kwa wanawake.

Himid alimkuta Khelef akipokea watu. Wakakumbatiana kama desturi, kifua kwa kifua, huku na huku. Himid alimshika kiunoni, akampapasa mgongo na mbavu kama ndugu mwenye mapenzi mengi. Hapakuwa na kitu. Palikuwa na kanzu na nyama.

Wakakaa bega kwa bega. Msomaji akaanza.

"Umeiacha wapi?" Himid alimnong'oneza.

"Ipi?"

"Usinichezee. Mzee yuko hapa na nyumba imejaa watu, wewe mkono mtupu."

Khelef akatabasamu. "Haijawa yangu hata siku moja, kaka. Ni nani anayempekua mwanamke aliyevaa buibui? Mzee mwenyewe ndiye aliyesema. Mwatima ana moyo, hatetemeki, na humtembelea Mzee kila siku kama binti yake. Tulikuwa tukwambie leo baada ya dua." Akamgonga goti. "Tuliuogopa wivu wako, yakhe. Tulisema ukijua mapema utatuchinja sote."

Himid hakusikia yaliyofuata. Brashi ya nguo. Tembea tena. Nitazame mimi. Kila kitu alichokuwa amekipanga upande mmoja kikageuka kikamtazama usoni.

Mwatima alikuwa amekaa nyuma ya Mzee, karibu kabisa na mlango, miguu kaikunja ubavuni, mkono wa kulia ndani ya buibui. Shangazi mmoja alikuwa amemwekea mtoto mapajani, kitoto kinene kisichotulia, kinarusha miguu, kinampiga mateke kiunoni. Mwatima anakichekea. Na msomaji alikuwa anakaribia pale ambapo watu wote husimama kumsalia Mtume, wanaume na wanawake, kwa pamoja, kwa kishindo kimoja, mtu akijishika kwa mwenziwe.

Himid aliinuka kabla ya wote.

Alipita juu ya magoti ya watu. Mmoja alisema, "Ee bwana, bado!" Alimruka Mzee Suleyum begani, akaingia chumba cha wanawake, jambo ambalo hakuna mwanamume aliyewahi kulifanya katika maulidi yoyote, nyumbani wala ugenini. Kukapigwa kelele. Kanga zikavutwa vichwani. Alimchukua mtoto akamtupia mtu asiyemjua, akapiga magoti, akaingiza mkono ndani ya nguo za mkewe mbele ya kadamnasi.

"Himid! Una wazimu?"

"Usijitikise. Nakuomba. Usijitikise."

Mkono wake uliisikia bastola kabla ya kuishika. Kifungio kilikuwa kimekwishateleza. Alitia kidole gumba kati ya nyundo na chuma, akakibana hapo, akaitoa polepole, akaibeba mpaka ukumbini. Huko, kati ya viatu, alizitoa risasi moja moja. Kidole kilikuwa kinachuruzika damu. Nyuma yake, nyumba nzima ilikuwa imesimama, na msomaji, asiyejua afanye nini, alikuwa bado anasoma.

Mwatima alimfuata. Khelef naye, na nyuma yao Mzee ameshika ukuta.

"Kuna nini, mwanangu?" aliuliza Mzee.

"Kifungio," alisema Himid. "Hakishiki."

Alikuwa na uongo tayari: kwamba amekumbuka ghafla, kwamba ameota. Akamtazama mkewe, akauacha.

Mwatima alikuwa anaitazama bastola, si yeye.

"Niliona," alisema. "Tangu siku ya kwanza niliona kinalegea. Nikamwonyesha Khelef. Khelef akasema, dada, aliyeichagua ni Himid. Himid hakosei katika haya." Akavuta pumzi. "Nikaona kweli. Nikatia risasi."

 Sura ya Khelef ikaanza kubadilika taratibu, kama mtu anayesoma jambo kwa lugha ngeni na neno la mwisho limemfungukia. Akaikumbuka ngazi. Akalikumbuka swali lake.

"Ulikuwa umenichagulia mimi," alisema.

 Mambo aliyokuwa ameyaonea wivu miaka yote, kutazamwa na kuchaguliwa, kumbe alikuwa nayo. Watu wawili aliodhani wanamcheka walikuwa wameiweka roho kwenye neno lake, na wasingemwekea mtu mwingine yeyote katika mji huu.

"Mwatima," alisema.

Mwatima akajifunika mtandio vizuri, akarudi ndani kwa wanawake. Wakampokea, na pazia likafunguliwa, likashushwa.

Khelef aliinama kwenye lile rundo la viatu. Alitafuta kwa makini, akiinua kimoja kimoja, mpaka akaviona viatu vya kazi vya kondakta, vyeusi, vilivyoliwa visigino. Akavifuta vumbi kwa upindo wa kanzu yake, kama mtu anavyomfanyia mkubwa wake, akaviweka mbele ya Himid.

Aliviweka vikielekea mlangoni.