Kikosi cha Moto Mtupu

Bingwa wa Mnara alinipiga mara kumi na tisa kabla sijakubali kwamba tatizo ni mimi. Naongelea gemu. Katika gemu hili unakamata viumbe porini, unawafuga, halafu unachagua sita wa kwenda nao vitani, na ukiwachagua vibaya unarudishwa ulikotoka na aibu yako. Mimi nilikuwa na sita wa moto. Mbweha wa moto, jogoo wa moto, mjusi wa moto, na wengine watatu ambao sitawataja kwa sababu wote ni yaleyale. Akija mpinzani wa majani, namteketeza kabla hujapepesa jicho. Akija wa maji, kwisha habari yangu.

Mdogo wangu aliwahi kuniambia, "Dada, hicho kikosi ni wewe mwenyewe. Wote wa kupiga, wa kukinga hakuna, wa kutibu hakuna."

Nilimkatia simu. Baada ya dakika mbili nikampigia kumuuliza kobe wa mawe anapatikana wapi.

Nina miaka arobaini na mitatu na kazi yangu ni kunyoosha mashuka ya hospitali. Tunatumia mashine yenye rola ndefu kama kitanda cha watu wawili, mmoja anashika pembe hii ya shuka, mwingine pembe ile, mnalilisha likiwa na unyevu, linatoka upande wa pili limenyooka na moto wa kuunguza vidole. Mwenzangu wa pembe ya pili tunamwita Mama Kunja, kwa sababu hakuna kitu akikishika asikikunje, hata risiti. Mdogo wangu yeye ni fundi wa lifti katika mji ulio mbali, mwendo wa siku nzima kwa basi.

Gemu alilileta yeye. Mama alipopooza, alinunua vifaa viwili, kimoja akabaki nacho, kimoja akanipa. Alisema kuuguza ni kazi ya kusubiri, na mtu anayesubiri anahitaji kitu mkononi asije akala kucha. Tukawa tunakutana kila Jumapili saa kumi, mama akishaoga na kulala. Ndani ya gemu kuna chumba cha kubadilishana viumbe. Unaandika namba nne, mwenzako anaandika hizo hizo, mlango unafunguka. Yetu ilikuwa moja, moja, moja, moja. Niliichagua mimi, maana sipendi kujaza kichwa namba.

Mle chumbani hakuna maneno. Unamwonyesha mwenzako kiumbe, yeye anakuonyesha wake, mnatikisa kichwa au mnakubali, basi. Na wapo viumbe ambao hawakui mpaka wabadilishe mikono. Unaweza kumlisha miaka kumi, atabaki kitoto vilevile, siku unapompa mwenzako ndipo anapofumuka akawa mkubwa. Anayecheza peke yake hao hawapati kamwe.

Kisha mama akafa. Mdogo wangu alifika jioni ya kuamkia mazishi. Tulipotoka makaburini, shangazi na wajomba wote wamekaa uani, watu wananawa mikono wale, nilimwambia kwa sauti ya kusikika, "Umesubiri awe maiti ndiyo uje. Maiti hageuzwi ubavu kila baada ya saa mbili."

Alikuwa ameshika sahani. Aliiweka chini, akawaaga wakubwa mmoja mmoja, akachukua begi lake akaondoka. Sitadanganya kwamba maneno yale yaliniponyoka. Niliyapanga njia nzima kutoka makaburini.

Huo ni mwaka wa pili sasa. Wanasema maji yakimwagika hayazoleki, lakini mimi hata kuinama sikuinama. Siku za kazi zinasukumika, mashine ina kelele na Mama Kunja ana maneno. Ubaya ni Jumapili. Chumba cha mama nimekifunga, kitanda chake nimekifungua nati nikakiegemeza ukutani, na bado nikipita mlangoni napunguza hatua nisimwamshe. Napika chakula cha mtu mmoja, kinabaki cha mtu mmoja. Nilimkumbuka mdogo wangu mpaka nikawa namkasirikia upya kwa kunifanya nimkumbuke.

Ndipo nilipokiwasha tena kile kifaa. Bingwa wa Mnara akanipiga hizo mara kumi na tisa. Na kwa kuwa sikuweza kuandika lililopaswa kuandikwa, nilimtumia mdogo wangu ujumbe mfupi: "Jumapili saa kumi. Namba yetu."

Niliona kwamba ameusoma. Hakujibu. Nikasema moyoni, labda yuko kwenye shimo la lifti, mtandao hakuna. Moyo ukinijibu kwamba ujumbe usingesomwa shimoni, nauambia unyamaze.

Jumapili ile saa kumi kamili niliandika moja, moja, moja, moja, nikakaa ukingoni mwa kiti. Mlango ukafunguka. Mtu aliyeingia alijiita Kijiko. Nilicheka peke yangu kama mwendawazimu, maana mdogo wangu ndiyo tabia yake, kila wiki alikuwa na jina jipya la kipuuzi. Aliwahi kuwa Nati Legevu, akawa Ngazi Hamsini. Nilimwonyesha mmoja wa mbweha wangu wa moto, wa pili kwa nguvu. Yeye akanionyesha kobe wa mawe.

Nililia, wala sioni haya kusema. Kikosi changu kilikosa kinga na yeye alikumbuka.

Jumapili ya pili alijiita Sina Haraka, akanipa samaki wa maji mwenye meno. Nililipima jina lile wiki nzima. Nikaona ni haki yake. Anasamehe, ila hana haraka. Na mimi nani wa kumpangia saa? Jumapili ya tatu alikuja na jina la Bibi Mkali. Nilimwonyesha jogoo akakataa, nikamwonyesha mjusi akakataa, akanikataa mara nne ndipo akakubali, akaniachia kipepeo anayetibu wenzake. Nilijua ananitania. Bibi Mkali ni nani kama si mimi? Jumapili ya nne sikuona mtu, nilingoja dakika arobaini, nikajisemea leo kapangiwa zamu. Ya tano akaja bila neno wala mzaha, tukabadilishana, akatoka.

Sikumwandikia chochote wiki zote hizo. Mdomo wangu naujua. Kile kimya kilikuwa kinafanya kazi ambayo mimi nilishindwa, nikaona nikiacha kukigusa kitamaliza chenyewe.

Nilimwambia Mama Kunja, "Mimi na mdogo wangu tumepatana."

"Alhamisi nilikusikia unasema hajakupigia tangu msiba."

"Hajanipigia."

"Wewe umempigia?"

"Tunabadilishana."

"Mnabadilishana nini?"

"Kobe," nikasema. "Na samaki."

Mama Kunja alivuta pembe yake ya shuka, akailisha kwenye rola, akanitazama kwa muda ambao kwenye kazi yetu ni mrefu. "Haya," akasema. Huyu mama ana haya za namna nyingi, na hii sikuipenda.

Jumapili ya sita nilimshinda Bingwa. Kobe alisimama mbele akapigwa mpaka Bingwa akachoka, kipepeo akawatibu, samaki akala vichwa, na mbweha mmoja wa moto niliyembakiza akamalizia. Muziki ukapiga, wakanivisha taji kwenye kioo kidogo kama sanduku la kiberiti. Niligeuka kumwambia mtu. Ukuta.

Kesho yake, mapumziko ya mchana, nilikaa kwenye ngazi za nyuma za dobi nikaandika: "Nimempiga Bingwa. Asante kwa kobe."

Simu iliita kabla sijaifuta jasho. Jina lake kwenye kioo baada ya miaka miwili. Nilisimama wima kuipokea.

"Dada. Shikamoo."

"Marahaba, mdogo wangu."

"Kobe gani?"

Nikamwambia kobe wa mawe. Nikamwambia Kijiko, Sina Haraka, Bibi Mkali. Nilikuwa naongea haraka na kucheka katikati, na kadiri alivyonyamaza ndivyo nilivyoongeza maneno.

"Dada," akasema, "kifaa changu kiko kwenye boksi juu ya kabati. Sijakiwasha tangu msiba."

"Sasa nani alikuwa ananipa?"

"Watu. Moja moja moja moja, dada, kila mvivu duniani anaweka hiyo. Zamani nilikuwa nakwambia kwenye simu toka uingie tena, toka uingie tena. Ulidhani ni nini?"

"Nilidhani ni mtandao."

Alitoa pumzi ambayo ingeweza kuwa kicheko, ikaishia njiani. Mimi nilikuwa natazama beseni la mashuka mbele yangu bila kuliona. Wiki sita nimesamehewa na wapita njia. Sina Haraka alikuwa tu mtu asiye na haraka.

"Ujumbe wako niliuona," akasema. "Nikajiambia, akinitaka ataniita kama watu wanavyoitana. Sitaitwa kwenye gemu."

"Nilishindwa pa kuanzia."

"Pa kuanzia unapajua. Kila Jumapili nilikuuliza mama anaendeleaje. Ulikuwa unanijibu nini?"

Nilijua nilichokuwa namjibu. Mama alikuwa ameacha kumeza, ana kidonda mgongoni kinachoingia ngumi, na mimi nasema anaendelea vizuri, usikatize kazi. Nilitaka niwe mimi niliyembeba mama, mimi peke yangu, na watu wote waone. Halafu nikamshtaki kwa kutokuja.

Nikamwambia hivyo hivyo, bila kupaka rangi. Nikamwambia, "Nilikuficha, kisha nikakutukana kwa kutojua. Nisamehe, mdogo wangu."

Nilisikia nyundo kwa mbali, mtu anagonga chuma ndani ya jengo tupu.

"Nimekusikia," akasema. "Lakini yale uliyasema mbele ya watu, dada. Haya nimeyasikia peke yangu." Akaaga kwa adabu, akakata.

Familia yetu ina kundi kwenye simu, watu thelathini na mmoja, shangazi, wajomba, watoto wao, hata majirani wawili ambao hakuna anayejua nani aliwaingiza. Huwa wanatumiana maua na dawa za kienyeji. Sijawahi kusema kitu mle. Nilibonyeza kitufe cha sauti, na kwa kuwa mashine zilikuwa zimeanza tena nyuma yangu ilinibidi niongee kwa nguvu, kama siku ile uani. Nikasema nani alificha na nani alifichwa. Nikataja kidonda. Nikasema kwamba kila senti ya dawa na kila godoro la upepo lilitoka kwa yule niliyemwaibisha, na kwamba sahani ile aliiweka chini kwa sababu ya uongo wangu. Dakika mbili na nusu. Nikaachia kidole kabla sijajionea huruma.

Nilirudi kwenye rola. Mama Kunja alikuwa amesimama mlangoni muda wote, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuwa na kitu cha kukunja. Alinishikia pembe yake tu, tukalisha mashuka mpaka mwisho wa zamu. Mfukoni simu ilitetemeka, ikatetemeka, ikatulia. Shangazi mkubwa aliandika, "Tumesikia." Mjomba alituma alama ya mikono iliyoshikana, ambayo yeye hutumia hata kwenye matangazo ya harusi. Wengine walisikiliza wakanyamaza, na kimya chao nilikistahili.

Saa kumi na moja natoka getini, mdogo wangu akapiga. Hakugusia lile la kundini, wala hakusema amenisamehe.

"Kaburi la mama likoje?" akauliza.

Ulimi ulishafika kwenye lile neno langu, vizuri. Niliuhisi umejipanga pale nyuma ya meno, ukisubiri tu pumzi.

"Limeota majani mpaka kiunoni," nikasema. "Sijaenda tangu arobaini. Naogopa kwenda peke yangu."