Nafasi Nyuma ya Bergljót

Kwa miaka mitatu na nusu sikutia mguu bwawani, lakini kila Jumanne na Alhamisi niliogelea jikoni kwangu.

Dirisha la jikoni linatazama upande wa bwawa la kuogelea la Dalvík, mji wetu mdogo wa bandari huku Iceland. Bwawa lenyewe halionekani, ila mvuke wa maji yake ya moto hupanda nyuma ya shule, mweupe, hasa asubuhi za baridi kali. Saa kumi na mbili na nusu nilikuwa nikimlisha mume wangu Eyvindur uji, jicho langu likiwa kwenye saa ya ukutani. Sasa wanapasha mwili moto, nilisema moyoni. Sasa wameshika vibao vya kuelea, wanapiga miguu. Sasa mwalimu wetu Sindri anawaambia waogelee mita hamsini mara kumi, na mzee Torfi analalamika. Chini ya meza miguu yangu ilikuwa ikipiga polepole. Siku moja Eyvindur aliinama akachungulia, akaniuliza kama nawashwa.

Niliacha mazoezi kwa ajili yake, wala simlaumu. Asubuhi moja nilikwenda kuogelea kama kawaida, naye akaamka asinione, akatoka kunitafuta kwenye theluji akiwa na ndala za ndani. Dereva wa gari la kusukuma theluji alimkuta karibu na bandari. Alimvua ndala zilizolowa, akamvisha soksi zake mwenyewe, akamkalisha mbele kando yake na kumwacha avute usukani kidogo ili asiogope, mpaka wakafika kwetu. Soksi zile nilizifua nikamrudishia, lakini wema wake ningali nao. Tangu siku hiyo vazi langu la kuogelea lilibaki msumarini.

Oktoba iliyopita ugonjwa wa kusahau ulimzidi, akapata kitanda katika nyumba ya kutunzia wazee. Watu walikuja na keki na pole. Bergljót, mwenzangu wa bwawani, alipiga simu.

"Sasa asubuhi ni zako," alisema.

"Nilizitaka," nikamjibu, "lakini si hivi."

 Tukaagana.

Nilijikongoja hadi Februari. Nina miaka sabini na miwili, na nilijiwekea sharti moja: nitarudi kwenye njia ya pili kati ya zile zilizotengwa kwa kamba bwawani, mahali pangu pa miaka kumi na tisa, nyuma ya Bergljót. Nikishindwa, vazi nalitupa na sirudi tena. Njia ya kwanza sikuitaka. Huko akina mama huogelea vichwa vikiwa juu ya maji, wakisimuliana habari za wajukuu. Wajukuu ninao. Nilichokuwa nikikitamani ni mapovu. Mtu anayekutangulia majini huacha mapovu nyuma ya miguu yake, yanakujia usoni kama shanga, na maji yake yanakuvuta kidogo. Miguu ya Bergljót ningeitambua kati ya miguu mia: wa kulia unapiga kwa nguvu, wa kushoto unafuata kwa uvivu.

Jumanne niliyorudi, kwenye bafu la wanawake, tulipokuwa tukioga kwa sabuni kabla ya kuvaa, niligeukia ukutani. Mikono yangu ilikuwa imelegea nyama. Bergljót alinitazama juu hadi chini bila haya.

"Shoga, umekauka kama samaki wa kuanikwa!"

"Na wewe umenona."

"Mafuta yanaelea. Geuka nikusugue mgongo."

Alinisugua taratibu, akikaa zaidi kwenye bega ambalo anajua huniuma.

Nje ilikuwa baridi ya kugandisha nywele. Wenzangu walikimbia wakajitosa. Mimi nilikaa ukingoni, miguu ndani ya maji ya moto, nikasema nitatazama raundi moja kwanza. Ukweli ni kwamba niliogopa.

Katika njia yetu mtu haondoki ovyo. Kuna saa kubwa yenye mshale mwekundu, na kila mmoja humwachia aliye mbele yake sekunde tano. Bergljót akasukuma ukuta, akaenda. Zikapita sekunde tano, Torfi bado ameshika ukuta. Zikapita kumi ndipo akaondoka. Sekunde tano baadaye akamfuata Guðfinna wa posta. Raundi ya pili ikawa vile vile.

Torfi alikuwa fundi wa injini za meli, ana miaka sabini na minane, na hapendi kuambiwa kitu. Waliporudi nikamchokoza.

"Torfi, siku hizi unasinzia ukutani? Sekunde kumi nzima!"

"Nani anasinzia?"

"Hasinzii," alisema Bergljót, akivua miwani yake ya kuogelea. "Tano ni zangu, tano ni zako."

Sikuelewa. Guðfinna akanieleza kwa upole kama anayemweleza mtoto. "Hiyo ni nafasi yako, Oddný. Hatukuijaza. Mgeni akija tunampanga nyuma yangu."

"Miaka yote hii?"

"Ni mazoea tu," akasema Torfi. "Usianze kujivuna."

Nilivaa miwani haraka, maana macho yangu yalikuwa yamekwisha lowa, nikaingia.

Mita hamsini za kwanza zilikuwa zawadi. Bergljót aliondoka, nikahesabu tano, nikamfuata, na mapovu yakanijia usoni. Nililia ndani ya maji na hakuna aliyejua. Za pili, miguu yake ilikuwa mbali kidogo. Za tatu, niliiona kwa shida. Za nne, mbele yangu palikuwa na maji matupu ya buluu na mstari mweusi sakafuni. Mikono ilikuwa mizito kama iliyovaa makoti mawili.

Kwetu aliye nyuma akikukaribia sana, hukugusa unyayo mara moja. Hilo si kosa wala si tusi. Ukifika ukutani unajibanza pembeni kwenye kamba, anapita. Nilingoja kidole cha Torfi. Nilijua yuko pale. Hakikuja. Nikageuka ukutani, na nilipokuwa nikirudi tukapishana, nikamwona: kichwa juu, anaogelea mtindo wa chura! Torfi, ambaye tangu nimjue anasema chura ni wa wavivu na wachungaji wa kanisa. Nyuma yake Guðfinna alikuwa amelala chali, anaelea, anatazama mvuke. Njia nzima ilikuwa inanisubiri mimi na hakuna aliyetaka kunigusa.

Nilifika ukutani nikasimama, nikajibanza kwenye kamba.

"Pita," nikamwambia Torfi.

"Sijakugusa."

"Ndiyo maana nakupisha."

"Mimi nimechoka leo, bibi wewe. Bega."

"Torfi, bega lako halijawahi kuuma tangu lizaliwe. Pita. Na wewe Guðfinna, pita."

Alinitazama, maji yakimchuruzika kwenye nyusi. "Tumekuwekea miaka mitatu na nusu," akasema kwa sauti ya chini. "Tusingeshindwa kungoja dakika mbili."

"Najua. Sasa nendeni mkaogelee. Mnanitia aibu na huo uchura."

Alicheka puani, akasukuma ukuta. Guðfinna akamfuata. Mimi nikabaki nimeshika ukuta, na sharti nililojiwekea likanijia mbele. Nilikuwa nimeshindwa. Ngazi ilikuwa hatua mbili tu, na taulo langu lilining'inia juu yake. Nikafikiria dirisha la jikoni. Nikafikiria kuutazama mvuke huu Alhamisi kutoka kule, mezani hakuna wa kulishwa.

Bergljót, aliyekuwa ametuzidi raundi nzima, aliwasili, akaona mpangilio umebadilika. "Kulikoni? Njoo nyuma yangu. Nitapunguza."

"Ukipunguza nitatoka nje. Safari hii naondokea mkiani."

"Mkiani huko utaniona wapi?"

"Sitakuona. Na miguu yako nimeitamani kuliko uso wako."

"Uso wangu nao una nini?" Lakini alishusha miwani upesi.

Sindri aliinama ukingoni, akaniambia niogelee ishirini na tano wao wakiogelea hamsini, kisha nipumzike. Hakuniambia pole. Aliondoa tu taulo langu kwenye ngazi akalitundika kwenye kibanda cha ukingoni, lisigande.

Torfi na Guðfinna waliporudi ukutani, Bergljót akaondoka. Hesabu tano, Torfi. Hakungoja kumi, nami sikutaka angoje, ingawa iliniuma kuliona pengo lile linazibwa. Hesabu tano, Guðfinna. Watu wawili sasa walikuwa kati yangu na mguu ule mvivu wa kushoto. Nikavuta pumzi, nikafuata mapovu ya Guðfinna, ambayo sikuwa nimeyazoea.