Koti la Baba Yusto

Jumatano ni siku ya uzazi wa mpango pale zahanatini, na mabenchi ni mawili. La mbele ni la wanawake waliokuja na waume zao. La nyuma ni la waliokuja na miguu yao tu. La mbele huhudumiwa kwanza. Likiisha, jua limeshapinda, na benchi la nyuma huambiwa liwahi wiki ijayo.

Stefania alikuwa ameliwahi benchi la nyuma Jumatano nne. Uzazi wake wa sita ulimmaliza damu hadi akafikishwa Sumbawanga mjini hajitambui, na daktari wa huko hakumung'unya maneno: wa saba utazikwa naye. Kwa hiyo alitaka kijiti, kile kinachowekwa chini ya ngozi ya mkono. Kila wiki alimwomba mumewe, Zephania, amsindikize. Zephania hakukataa, huyo hajawahi kukataa kitu. Alisema tu kwamba kliniki ni mambo ya akina mama, kisha akaenda kung'oa maharage, au kutazama wenzake waking'oa.

Jumatano ya tano koti lake lilishuka msumarini. Lilikuwa koti zito la kijivu, mtumba wa mnada wa Laela, na Zephania halivui ila akilala tangu Mei mpaka Agosti, baridi ya Ufipa ikikaza. Likafunga vifungo, likamfuata Stefania hatua mbili nyuma. Stefania aligeuka mara moja, akaendelea na safari. Njia ilikuwa ndefu, hakuwa na nguvu za kushangaa.

Benchi la mbele likasogea kulipatia nafasi. Evodia, jirani mwenye ulimi, alilisalimu vizuri toka benchi la nyuma, kisha akamnong'oneza Stefania: "Mwenzangu umepata. Wangu mimi hata kofia yake haijawahi kunisindikiza."

"Karibu baba, kaa," alisema Nesi Sekela, mtu wa Mbeya aliyekwisha kuona mengi. Koti likakaa. Akalieleza vidonge, sindano, kijiti na kondomu, na kwamba hata mwanamume hufungwa kizazi, wala hapungukiwi nguvu za shamba wala za chumbani. Hapo koti likanyoosha mkono. Nesi akarudia taratibu, nalo likatikisa kola. Miaka tisa ya kazi, hakuna mume aliyewahi kumsikiliza hivyo. Akaandika daftarini: mwenza amehudhuria. Kabla ya saa nne Stefania alikuwa na kijiti chake.

Nyumbani Zephania alikuwa amejikunyata jikoni. Aliuliza koti lilikuwa wapi, akaambiwa kliniki. Akasema siku nyingine liage.

Kufikia Julai benchi la mbele lilijaa makoti, masweta na koti moja la mvua. Wageni wa wilayani walifika, wakawasifu wanaume wa kijiji kwa kushiriki. Wanaume walizipokea sifa wakiwa na mashati tu, wanatetemeka.

Agosti Zephania aliugusa ule ugumu mkononi mwa mkewe. Stefania akamweleza yote, hata damu, hata daktari.

"Nani aliruhusu?"

"Koti lako, baba Yusto."

Zephania akafikiri. Akasema koti ni lake, ila watoto ni wa ukoo, na nduguze wameshaanza kumtania kwamba amezeeka.

Jumatano iliyofuata alikwenda yeye mwenyewe na mkewe, kijiti kitolewe. Koti lilikataa kuvaliwa, likashika msumari kwa mikono yote miwili, hivyo akaenda na shati. Zahanatini makoti yote yalisimama kumpisha kwa heshima, akapitishwa wa kwanza.

Nesi hakumtazama yeye. "Mama, wewe mwenyewe ndivyo unavyotaka?"

Stefania aliiwaza safari ya kurudi, na jioni, na kesho yake, na mashemeji wamekaa uani.

"Kitoe tu, dada."

Kikatolewa. Zephania alitangulia kutoka, akapongezwa na mwenyekiti wa kijiji kwa kuwa mfano.

Mvua za Januari zilipokolea, Stefania alianza kliniki ya wajawazito. Zephania alikuwa na palizi. Koti ndilo lililombebea kadi, na safari hii lilitembea ubavuni mwake. Nesi Sekela alisoma kadi, kisha akaliuliza kama liko tayari kumtolea mama damu, likitokea la kutokea.

Koti likakunja mkono wa kulia hadi juu ya kiwiko, likaulaza mezani, likasubiri sindano.